Jina la Mnyoo wa Namkuya

1

Sanduku lilifika Jumanne asubuhi, likiwa na karatasi ya forodha na barua ya mistari mitatu. Ndani yake mlikuwa na vioo arobaini na viwili vya hadubini, kila kimoja kimefungwa kwa pamba. Jumba la makumbusho lililovituma, huko ng'ambo, lilikuwa linafungwa moja kwa moja, na kila mkusanyo ulikuwa ukipelekwa kwa mtu aliyebaki anayejua kuusoma. Kwa minyoo bapa wa baharini, watu hao walikuwa wamebaki watatu duniani. Mmoja alikuwa Japani, wa pili Brazili, na wa tatu alikuwa Dkt. Somoe Mtopela, mwanamke wa miaka hamsini na sita, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili katika jengo la Daftari la Viumbe, mjini Lindi.

Somoe alitia sahihi ya kupokea, akatoa kioo cha kwanza na kukiweka ndani ya Msomaji. Alifanya hivyo kwa mazoea tu. Msomaji alikuwa mashine ya ukubwa wa redio ya mezani, na ndiye aliyewaondolea kazi karibu watu wote wa fani yake. Ulimtilia tone la maji ya bahari, na kabla hujamaliza kufunga kifuniko alikuwa ameshasoma vinasaba vya kila kilichopita katika maji yale tangu juzi. Alikupa orodha: samaki, kaa, majani, vijidudu, kila kimoja na jina lake la kisayansi na mahali pake katika ukoo wa viumbe. Kisichokuwa na jina alikiandika "kisichojulikana", akaendelea.

Safari hii aliandika neno moja: Haisomeki.

Somoe hakushangaa. Mnyoo wa kwenye vioo vile alihifadhiwa kwa fomalini mwaka 1911, karibu miaka mia na themanini iliyopita, na fomalini huharibu vinasaba. Kwa vielelezo vya zamani namna hiyo sheria ilikuwa bado inamhitaji binadamu. Alivuta kiti, akawasha taa ya hadubini.

Mnyoo bapa ni kiumbe msumbufu kumhifadhi. Ni mwembamba kama karatasi, na ukimshika vibaya anayeyuka mkononi na kuwa ute. Rangi zake, ambazo mpiga mbizi huzitambua mara moja, hupotea akishakufa. Ndiyo maana wataalamu wa zamani waliwakata vipande vyembamba mno kwa mfuatano, wakavipaka rangi, wakavibandika kwenye vioo na kutazama viungo vya ndani. Kila mnyoo ni dume na jike kwa pamoja, na katika ukoo huu viungo vya uzazi ndivyo vinavyotenganisha jenasi na jenasi. Akiwa na tundu moja la kiume chini ya tumbo, anaingia Pseudoceros. Akiwa na mawili, anaingia Pseudobiceros. Ni jambo dogo, lakini Somoe alikuwa ameishi kwa jambo hilo miaka thelathini.

Aliyemkusanya mnyoo huyu alikuwa daktari wa meli, katika kisiwa kidogo kaskazini ya Madagaska. Aliandika kwamba ana tundu moja. Akamwita Pseudoceros fuliginis, yaani wa masizi, kwa kuwa alikuwa mweusi. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyesema amemwona.

Kwenye kioo cha kumi na saba Somoe aliliona tundu la pili.

Kipande kimoja kilikuwa kimejikunja wakati wa kubandikwa, na tundu lilikuwa limejificha chini ya mkunjo. Daktari wa meli alilikosa kwa haraka au kwa taa mbaya. Somoe alihesabu vijicho vilivyo juu ya ubongo. Alipima kikombe kidogo ambacho mnyoo hutumia kung'ang'ania mwamba. Kisha akatazama ukingo wa mwili, akaona ukanda mwembamba usio na chembe nyeusi hata moja, mahali ambapo zamani palikuwa na rangi nyingine.

Aliinuka, akaenda kabatini, akatoa vioo vyake mwenyewe. Hivyo vilikuwa vya mnyoo mweusi mwenye ukingo wa rangi ya chungwa, aliyempata kutoka mwamba wa Ras Namkuya miaka kumi na miwili iliyopita na kumpa jina Pseudobiceros siwemae. Aliweka hadubini mbili bega kwa bega, akawa anahama kutoka moja kwenda nyingine. Ilipofika saa saba mchana hakuwa na shaka.

Mnyoo alikuwa mmoja. Na katika kazi ya kuainisha, jina lililotangulia ndilo linalobaki. Hilo la kwake lilikuwa la ziada, na lilitakiwa kufutwa.

Hakwenda kula. Alifunga mlango, akakaa akitazama ukuta.

2

Saa kumi alikwenda kumwita mkurugenzi wa kanda, Ezekia Lyatuu. Walikuwa wameanza kazi mwaka mmoja na waliitana kwa majina. Lyatuu alikuwa mtu wa sheria, si wa wanyama, lakini alivua miwani akainamia hadubini.

"Naona michirizi ya zambarau," alisema.

"Tazama ilipo ncha ya sindano. Hilo ni tundu. Sasa njoo hapa kwenye vyangu. Hilo hapo tena."

Lyatuu alikwenda, akarudi, akakaa kitini. "Nani mwingine anaweza kukiona unachokiona?"

"Mjapani na Mbrazili."

"Na vioo wanavyo?"

"Vioo ninavyo mimi."

Wote wawili walijua maana yake. Kwa sheria ya nchi, spishi yenye jina na iliyorekodiwa mahali pamoja tu duniani ilimiliki mahali hapo. Paliitwa makazi. Hapavuliwi, hapajengwi, hapakanyagwi, na maboya yaliyozunguka yalitoa taarifa mtu akivuka. Ras Namkuya palikuwa makazi ya siwemae. Lakini fuliginis alikuwa na kumbukumbu mbili sasa: moja ya Namkuya, moja ya kile kisiwa cha mbali.

"Kule miamba yote imekufa," Somoe alisema. "Nimeangalia taarifa za maboya ya miaka ishirini. Hayupo. Huyu mnyoo yuko Namkuya peke yake."

"Sheria inahesabu vielelezo, haihesabu walio hai. Iliandikwa na watu waliotaka kesi ziishe haraka. Mahali pamoja, makazi. Mahali pawili, hapana."

"Najua."

"Unajua pia nani yuko nje ya maboya."

Alikuwa anazungumzia boti za kampuni ya lithiamu. Kampuni ilitaka kuvuta maji ya bahari, kuchuja lithiamu na kuyarudisha yakiwa ya moto. Kwenye kila pwani yenye kina kizuri iliweka boti zisizo na watu, zikingoja makazi yaondolewe.

"Tuna makazi mia mbili na kumi na manne katika kanda hii," Lyatuu aliendelea. "Mengi yamesimama juu ya majina yaliyotolewa na watu kabla ya Msomaji. Ukifuta hili kwa mdomo wako mwenyewe, wanasheria wao watadai kila kioo kikaguliwe upya. Yale mengine yako sawa yote?"

"Yote, hapana. Yapo yatakayokuwa na makosa."

"Basi unaona." Alivaa miwani yake. "Somoe, mimi sikuambii udanganye. Nakuambia vioo vya zamani huota ukungu. Andika vimefika vimeharibika. Rudisha kwenye sanduku. Hakuna atakayeuliza."

"Huko ndiko kudanganya, Ezekia."

"Kwa ajili ya mwamba."

"Ndiyo. Nimelifikiria hilo tangu saa saba, usidhani sijalifikiria. Hata maneno nilishayapanga kichwani."

Kila jina lilikuwa na mdhamini, yaani mtu aliye hai aliyeweka sahihi na kula kiapo. Kiapo kilikuwa na mambo mawili. Mdhamini akigundua kosa alitakiwa kulitangaza ndani ya siku kumi na nne. Na kabla hajaweka sahihi ya kulifuta, asimwambie mtu yeyote wa nje, ili asiwepo wa kutangulia kufaidika.

"Una siku kumi na nne," Lyatuu alisema akiinuka. "Usizikimbilie."

3

Jumamosi Somoe aliendesha gari hadi Namkuya, kijiji cha nyumba zisizofika mia moja, mwendo wa saa mbili kusini ya mji.

Alikuwa anamfuata Bi Siwema Chitanda. Huyu ndiye aliyempa mnyoo ule. Siku zile Bi Siwema alikuwa kiongozi wa wanawake waliochokoa pweza mwambani maji yakipwa. Asubuhi moja aligeuza jiwe, akaona kitu cheusi kikitambaa kama kitambaa kilicholowa. Kwa kuwa alijua kikiguswa kinayeyuka, alikikinga kwa bakuli pamoja na maji yake na kumpelekea yule mtaalamu aliyekuwa akizunguka na ndoo. Somoe alimpa mnyoo jina la Siwema kwa kushukuru, na alidhani ni heshima kubwa. Miezi minane baadaye maboya yaliletwa. Wanawake hamsini waliambiwa wasikanyage tena mwamba walioukanyaga tangu utotoni.

Bi Siwema alikwenda Lindi mara moja, akaomba jina lake litolewe. Somoe alimweleza kuwa jina likishatangazwa haliondolewi ila kwa kosa, na kosa hakuna. Tangu hapo hawakuwahi kuzungumza.

Alimkuta uani, anamenya muhogo.

"Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba, Daktari. Mkeka ule pale."

Somoe alivuta mkeka, akakaa. Njia nzima alikuwa akipanga namna ya kuanza, lakini sasa alisema tu. "Jina lako litafutwa."

"Lile la mnyoo?"

"Lile."

"Nilikuja kukuomba, ukasema halifutiki."

"Wakati ule sikujua kama nimekosea. Kumbe mnyoo alishapewa jina zamani, na mtu mwingine, mahali pengine. Nimeliona juzi."

"Kwa hiyo ulikosea."

"Nilikosea."

Bi Siwema alitupa ganda, akachukua muhogo mwingine. "Miaka kumi na miwili," alisema, si kwa hasira. "Mwenzetu Salma alikufa katikati ya miaka hiyo. Esha alihamia kwa mwanawe Masasi, akaenda kufungua kibanda cha chapati. Mtu mzima, kazi aijuayo ni pweza."

Somoe alimweleza yaliyobaki: kwamba akiweka sahihi makazi yataondoka saa ileile, kwamba boti zile za nje zingeingia, na mitambo ikishawekwa maji ya moto yangerudi mwambani. Miaka mitano au sita, asingebaki pweza wala mnyoo.

"Na usipoweka sahihi?"

"Mwamba utabaki ulivyo. Na nyie mtabaki nje."

"Haya. Umekuja kuniuliza mimi nini?"

"Nifanye lipi."

Bi Siwema aliweka kisu chini. "Hapana, mwanangu. Ulipoandika jina langu hukuniuliza. Leo unataka mimi ndiye niseme danganya au usidanganye, ili wewe urudi mjini ukalale. Hilo ni lako. Mimi silibebi."

"Ni kweli," Somoe alisema. "Nisamehe."

Kuku mmoja alikuja akidonoa maganda, akafukuzwa. Somoe alikuwa ameshavunja nusu ya kiapo chake kwa kuongea tu pale uani, na alilijua hilo tangu alipowasha gari. Lakini nusu ya pili, ile ya kutangaza kosa, aliona ameshaiamua akiwa amekaa kwenye mkeka ule. Asingeweza kurudi tena kwa watu wale na maneno ya uongo.

"Nitaweka sahihi," alisema.

"Basi niulize kitu ninachokijua. Mahali pakifunguliwa, nani anapachukua?"

"Wa kwanza kusimama juu yake. Sheria inataka dakika mia mbili bila kutoka, maboya yaandike. Akishaandikwa, hakuna kibali kitakachotolewa bila ridhaa yake. Ila wao huwa wa kwanza siku zote. Daftari likibadilika, boti zinapata habari hapohapo. Zinaingia kwa dakika nne."

"Zinaelea kwenye maji kiasi gani?"

"Mita moja na nusu hivi."

Bi Siwema alitazama juu kidogo, kama mtu anayehesabu siku. "Ijumaa ijayo ni bamvua. Kuanzia saa tatu asubuhi mwamba wote mkavu, mpaka saa sita kasoro. Kisha maji yanarudi polepole, mpaka yafike kiuno ni saa saba kasoro. Boti gani itapita hapo?"

Somoe alimtazama. Miaka yote hiyo alikuwa ameipima Namkuya kwa maboya na setilaiti, na hesabu hiyo haikumjia.

"Hakuna," alisema.

"Sisi tuna miguu," alisema Bi Siwema, akachukua kisu chake.

4

Ijumaa ilikuwa siku ya kumi na moja. Taarifa ilikuwa kurasa nne, na picha za kioo cha kumi na saba. Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja uliokuwa na uzito: Pseudobiceros siwemae ni jina la baadaye la Pseudobiceros fuliginis, kielelezo kimehamishwa jenasi, jina la baadaye lifutwe. Saa tatu na dakika kumi Somoe aliweka kidole kwenye skrini ya mezani. Daftari lilipokea.

Kwenye ramani ya ukutani, Ras Namkuya ilibadilika kutoka kijani kuwa nyeupe.

Lyatuu aliingia baada ya dakika moja. Habari ilikuwa imeshafika kwenye simu yake. Alisimama nyuma ya kiti cha Somoe wakatazama pamoja. Boti tatu zilianza kwenda, mistari mitatu myembamba kutoka baharini. Zilifika ukingoni mwa mwamba na kusimama. Moja ilizunguka upande wa kaskazini, ikajaribu mlango wa maji, ikarudi nyuma.

Kisha kutoka upande wa nchi kavu zilianza kutokea nukta. Moja, tatu, tisa. Maboya yalihesabu kila mwili wenye joto uliovuka mstari. Hesabu ilisimama kwenye thelathini na moja.

"Thelathini na moja," alisema Lyatuu.

"Walikuwa hamsini."

Lyatuu alivuta kiti akakaa kando yake. Wakawa hivyo muda mrefu. Karani alileta chai, wakainywa. Nukta zilitawanyika mwambani, zikasimama hapa na pale, zikahama tena. Somoe alielewa: walikuwa wanachokoa pweza. Moja tu haikuhama kutoka ilipofika. Baadaye aliambiwa kuwa ilikuwa ya Bi Siwema, ambaye goti lilimkatalia, akawekewa jiwe akakaa.

Saa sita maji yalianza kurudi. Boti zilisogea kwa kadiri maji yalivyopanda, zikaziba upande wote wa bahari. Nukta mbili zilitoka. Zikabaki ishirini na tisa, zimekusanyika karibu karibu. Saa sita na dakika arobaini ilipofika, dakika ya mia mbili, maji yalikuwa yamefika kiunoni, na kwa yule aliyekaa yalikuwa yamefika kifuani mpaka wenzake wawili wakamshika makwapani na kumsimamisha. Hayo ramani haikuyaonyesha. Ilionyesha tu maandishi madogo chini ya jina la mahali: Watumiaji wa kwanza wameandikwa, 29.

Boti ziligeuka.

Lyatuu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Ulichagua saa," alisema.

"Ndiyo."

"Na uliwaambia."

"Jumamosi. Nilikwenda mwenyewe."

"Nitalazimika kuandika."

"Andika, Ezekia. Ukiniuliza mbele ya baraza nitajibu hivihivi."

"Hilo silitilii shaka," alisema, akaondoka na kikombe chake.

5

Baraza la nidhamu lilikaa wiki sita baadaye. Halikuchukua hata nusu saa. Walikubali kuwa jina lilifutwa kwa haki na kwamba vioo vilisomwa sawasawa. Walikubali pia kuwa siri ilitolewa nje kabla ya sahihi. Somoe aliondolewa udhamini kwa maisha yake yote. Majina arobaini na moja aliyokuwa akiyadhamini yalihamishiwa kwa mwenzake wa Brazili, aliyemwandikia barua fupi ya pole na kumwomba vipimo vya vijicho vya spishi mbili.

Aliyoyasema Lyatuu nayo yalitokea. Kampuni za lithiamu zilidai vioo vya zamani vikaguliwe, na mwaka ule makazi kumi na moja katika kanda yalifutwa. Katika matano kulikuwa na watu waliowahi kusimama mahali pao, kwa kuwa habari za Namkuya zilikuwa zimesambaa. Katika sita hapakuwa na mtu. Somoe aliyaandika hayo sita kwenye karatasi akaibandika ofisini, na alipohamisha vitu vyake aliichukua.

Wanawake wa Namkuya waliulizwa ridhaa yao kama sheria ilivyotaka, wakakataa. Walijipangia siku za kuingia na miezi ya kuacha, na mawe waliyoyageuza waliyarudisha yalivyokuwa. Kampuni haikubishana nao. Ilihamisha ramani yake kilomita kumi na tisa kusini, hadi ufuo wa Mtumbu, ambako sheria ya kuomba ridhaa haikufika kwa kuwa hapakuwa na makazi yoyote. Hapakuwa nayo kwa sababu hapakuwa na jina, na hapakuwa na jina kwa sababu hakuna mtu wa fani ile aliyewahi kwenda kutazama. Boya la karibu lilikuwa na orodha ya Msomaji ndefu kurasa tatu. Mwisho wake paliandikwa: visivyojulikana, sitini na tatu.

Somoe aliisoma orodha hiyo nyumbani. Kesho yake alipakia ndoo mbili, sinia nyeupe na hadubini yake ya zamani ndani ya gari.

Mtumbu watu walikuwa wanalima mwani. Kamba zilikuwa zimefungwa kwenye vigingi safu kwa safu, na maji yalikuwa yamepwa hadi magotini. Mwanamke mmoja wa makamo, kanga kaifunga kifuani, alikuwa anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Somoe alivua viatu lakini hakuingia majini. Alisimama ukingoni, akasalimia, akaulizwa habari za atokako, akajibu. Mwanamke aliitwa Zainati Mpili, na vile vigingi thelathini vya upande ule vilikuwa vyake.

"Mimi huwa natafuta minyoo ya baharini," Somoe alisema. "Bapa, ya rangi. Hukaa chini ya mawe kule kwenye mwamba, nyuma ya vigingi vyenu. Sina ofisi tena. Nikimpata ambaye hajapewa jina namchora, namkata, namwandika, halafu namtumia mwenzangu aweke sahihi."

"Akishaweka?"

"Kampuni ya lithiamu haitajenga hapa."

Zainati alifunga fundo, akasogea kigingi cha pili. "Wewe ndiye yule wa Namkuya?"

"Ndiye."

"Kule ulifunga watu miaka kumi na miwili."

"Ndiyo. Na hapa naweza kuwafunga vilevile. Sheria haijabadilika. Nikipata mnyoo asiyekuwapo kwingine, hata mwani huu unaweza kuzuiwa. Nisipopata kitu, mitambo inaanza baada ya masika. Ndiyo maana nimekuja nikuulize kabla sijaingia."

Zainati aliacha kamba, akanyoosha mgongo. Alitazama mwamba, kisha safu za mwani wake, kisha wanawake wengine wanne walioinama mbali kidogo. Aliwaita kwa majina, wakaja wakiburuza miguu majini, naye akawaeleza yote kwa maneno yake mwenyewe, bila kupunguza. Walizungumza kwa muda. Mmoja hakutaka kabisa. Mwingine alisema mitambo ikija hakuna atakayewauliza kitu chochote. Somoe aliketi mchangani na ndoo zake akangoja, na maji yalianza kugeuka kabla hawajamaliza.

Mwishowe Zainati alirudi.

"Ingia utafute," alisema. "Lakini ukimwona, usiandike kwanza. Mlete hapa kwenye hilo sinia lako tumtazame wote. Kama ataandikwa au hataandikwa, tutakaa tuseme."

"Anaweza kufa kabla hamjamaliza kusema."

"Basi tutasema upesi."

Somoe alikunja suruali yake hadi magotini, akachukua ndoo moja, akaingia majini.